Ulimi wa Zumari la Humaidi

Watu wa Kanyenye walikuwa na subira, tena subira ya kulipwa thawabu. Miaka mitatu mfululizo, kila siku baada ya sala ya alasiri, zumari lilikoroma ndani ya nyumba ya Humaidi, likapiga mwayo, likalia kama mbuzi aliyekwama uani, na hakuna hata mtu mmoja aliyekwenda kumgongea mlango. Wangemwambia nini? Mtu ana nyumba ya vyumba vinne na analala peke yake, anapika uji peke yake, anaunywa peke yake, kisha anaosha kikombe kimoja. Huyo ukimnyang'anya na kelele zake utakuwa umemwachia nini? Basi walifunga madirisha, wakasema, "Haya, fundi kaanza," wakaendelea na shughuli zao.

Wala hawakumwita fundi kwa kejeli tupu. Humaidi alikuwa mpiga zumari haswa. Baba yake alifika Tabora na msafara kutoka Bagamoyo, enzi za miguu, reli haijaota hata ndotoni, na katikati ya mizigo ya shanga na kaniki alikuwa ameficha zumari moja la mpingo, kaliviringisha kwenye kilemba. Mzee alikufa, biashara yake ikamfuata, zumari likabaki. Humaidi alilipiga kwenye harusi za mji mzima, na Nzega, na Kahama, na mara mbili mpaka Ujiji. Alijua kuvuta pumzi kwa pua huku mashavu yanaendelea kusukuma, zumari lisinyamaze hata kidogo. Wageni waliomsikia mara ya kwanza walikuwa wakiulizana kama yule bwana mapafu yake ni mawili au manne.

Lakini zumari halilii kwa mti peke yake. Juu kabisa pana kimwanzi, kijibomba chembamba cha shaba, na kwenye kimwanzi hicho huchomekwa kipande kidogo cha jani la mvumo, mti wa jamii ya mnazi, kimekunjwa na kufungwa uzi, nacho ndicho kinachotetemeka ndani ya kinywa cha mpigaji. Wenye kazi yao hukiita ulimi. Zumari bila ulimi ni kuni. Na ulimi wa zumari la Humaidi, tangu alipooa, ulitengenezwa na mkewe, Bimdogo.

Bimdogo alikuwa akisuka mikeka, kwa hiyo majani aliyajua. Alichagua jani ambalo si changa wala halijakomaa, akalikausha chini ya mkeka aliolalia, akalikata kwa wembe, akalifunga. Kisha akautia ule ulimi mdomoni mwake mwenyewe, ukae humo ulainike, huku anapepeta mchele au anatwanga karanga. Binti yao Masika, tangu mdogo, alijua kwamba mama akiwa kimya na shavu limetuna kidogo haulizwi kitu. Baadaye Bimdogo aliutoa, akaupuliza, "tiii," akatikisa kichwa, akauparua kidogo kwa wembe, akaurudisha mdomoni. Ulipomridhisha alimpa mumewe ungali na unyevu, naye Humaidi akaupokea na kuutia kinywani pale pale. Hakuona ajabu yoyote. Alidhani ndimi za zumari huzaliwa hivyo.

Tena alimpa mmoja tu. Akiba hakuweka. Humaidi alipokuwa anasafiri alimbembeleza, "Nifungie japo mbili, mama Masika. Mmoja ukipasuka je?"

"Ukipasuka utarudi nyumbani," Bimdogo alimjibu. "Nikikupa mbili utafika Kongo."

Walicheka wote wawili. Na kweli, kila ulipopasuka alirudi.

Sasa sikia alivyojikwaa. Palikuwa na harusi mtaa wa Chemchem, mwaka ule wa nzige, na Humaidi alikwenda kupiga akiwa na mafua ya juma zima. Katikati ya wimbo pumzi ikamkatikia. Zumari likatoa sauti ya aibu, sitaitaja hapa, vijana wakaangua kicheko. Alirudi nyumbani na wenzake saba, wakaketi barazani kunywa kahawa, naye moyoni anafukuta. Bimdogo alipotokea na sinia, Humaidi akamwambia mbele yao, "Ulimi gani huu ulionipa leo? Umeniaibisha kwa watu."

Bimdogo akaweka sinia chini polepole. "Ulimi mzima, baba Masika," akasema. "Pumzi ndiyo mbovu."

Hakusema kwa ubaya. Ni yeye aliyemchemshia tangawizi juma zima, alijua kifua cha mumewe kilivyo. Lakini wale saba walicheka mpaka kahawa ikamwagika, na kicheko hicho, juu ya kile cha Chemchem, kilimpanda Humaidi kichwani. Akasimama. Akanyoosha vidole, akahesabu mbele ya watu: "Talaka yako! Moja! Mbili! Tatu!"

Hapo hakucheka mtu. Bimdogo aliokota kikombe kimoja kilichokuwa kimeanguka, akakirudisha kwenye sinia, akaingia ndani kufunga nguo zake.

Kesho yake asubuhi Humaidi alikuwa mlangoni kwa maalim wa msikiti. "Maalim, ilikuwa hasira."

"Wote huacha kwa hasira, mwanangu. Mimi sijaona mtu anaacha kwa furaha. Ulisema ngapi?"

"Tatu."

"Una mashahidi?"

"Saba. Walikuwa wanakunywa kahawa yangu."

Maalim akavuta pumzi. "Ungesema moja ungemrejea. Hata mbili. Tatu umefunga mlango na ufunguo umeumeza. Si halali yako tena, mpaka aolewe na mume mwingine, ndoa ya kweli si ya mzaha, na huyo mume amwache au afe, ndipo..." Humaidi hakungoja hiyo ndipo. Aliondoka akipiga hodi za kichwa kwenye kila nguzo ya baraza, maana alikuwa haoni mbele. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hiyo yeye mwenyewe alikuwa akiwapa watu wengine bure kila siku.

Bimdogo akahamia kwa kaka yake Chemchem, na Masika akamfuata mama yake. Chemchem si mbali, mtu unakwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Humaidi hakukanyaga huko. Angekwenda kama nani?

Mwezi wa pili baada ya talaka, ulimi wa mwisho wa Bimdogo ukapasuka. Akajitengenezea wake. Jani alilikata vizuri, uzi aliufunga vizuri, kisha, kwa haraka zake, akauchovya kwenye kikombe cha maji, ukavimba, akapuliza, ukakoroma. Akatengeneza mwingine, ukapasuka. Akanunua kwa msafiri mmoja, ulikuwa mnene kama ukili wa jamvi. Mtu mwenye akili zake angekaa chini akajiuliza Bimdogo alikuwa akifanyaje. Lakini kujiuliza hivyo kungemfikisha mbali, mpaka barazani, mpaka kwenye lile sinia la kahawa. Basi Humaidi akaamua kwamba zumari lenyewe limezeeka, mti ndio wenye kosa.

Hapo ndipo alipoanza kumsumbua Lugembe. Lugembe alikuwa seremala wa karibu na soko, Mnyamwezi, Mkatoliki, mtu wa maneno machache na misumari mingi mdomoni.

"Mwangaluka, Lugembe," Humaidi alimsalimu kwa Kinyamwezi, maana alikuwa na shida. "Nataka tulibadilishe zumari hili, lilie upya."

Wakakata kinywa cha chini cha mpingo, kilichokuwa na ufa, wakachonga kingine cha mninga, kipana zaidi. Humaidi akatafuta nta ya nyuki wa porini, nta safi ya njano, akaiyeyusha na kuipitisha ndani ya zumari kwa ubua, mpaka njia ya pumzi ikawa laini kote. Matundu mawili yaliyokuwa yakitoa sauti ya juu kupita kiasi aliyapunguza kwa nta ile ile, akiibandika kidogo kidogo kwa ncha ya kijiti, anapuliza, anabandua, anabandika tena. Hilo peke yake lilikula miezi minne. Kimwanzi cha shaba akakitupa, akafua kingine chembamba kwa bomba la taa bovu. Na kile kisahani ambacho midomo ya mpigaji hukiegemea, kilikuwa cha kifuu na kimelika. Akakitoa, akaweka senti kumi ya Mwingereza, ile yenye tundu katikati, ikakaa pale utadhani serikali iliitoboa kwa ajili ya Humaidi.

Na si kwamba zumari halikubadilika, la hasha. Mninga uliipa sauti za chini unene ambao baba yake hakuwahi kuujua. Nta ilizisafisha za kati. Lakini juu, pale zumari linapotakiwa kupaa watu wasisimke, ilikuwa ni kukoroma tu. Humaidi akamtazama Lugembe. "Tupunguze wapi tena?"

"Mzee Humaidi," Lugembe akatoa misumari mdomoni, "mti ukiwa na kosa mimi naujua. Mti huu hauna kosa."

"Basi kosa liko wapi?"

Lugembe akagusa lile jani juu ya kimwanzi. "Hapa, kwenye jani hili."

"Wewe chonga," Humaidi akamkata. "Mambo ya jani niachie mwenyewe." Akarudi nyumbani, akapika uji wake, akaosha kikombe chake. Upweke wa mtu aliyeonewa una wa kumpa pole. Wa Humaidi ulikuwa wa kujitakia, na mji mzima ulijua, kwa hiyo hata pole hakupewa.

Kila Ijumaa Masika alimletea baba yake chakula. Alikuwa sasa msichana wa miaka kumi na saba, amekwisha chumbiwa, harusi imepangwa Mfungo Mosi. Jumatano moja, siku mbili kabla ya harusi hiyo, akaja bila chakula.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Kuna nini? Leo si Ijumaa."

"Bwana Majid, ami yake bwana harusi, anasema ataleta santuri," Masika akasema. "Anasema zumari lako lilikwisha kufa, tusijitie aibu mbele ya wageni. Nimemwomba angoje mpaka kesho."

Humaidi akasimama. "Santuri! Harusi ya binti yangu ipigiwe na sanduku?"

Alifoka kwa ajili ya heshima yake, lakini heshima haikuwa hata nusu ya jambo. Siku ya harusi wanaume wangekaa barazani, wanawake uani, na kati yao ukuta. Bimdogo angekuwa uani. Kwa miaka mitatu Humaidi hakuweza kumpelekea hata salamu, maana kila neno alilolifikiria lilimchoma kabla hajalitoa. Zumari ndilo peke yake lenye ruhusa ya kupita juu ya ukuta bila kubisha hodi. Miaka mitatu ya nta na mninga ilikuwa kwa ajili hiyo tu: zumari lilie mara moja, Bimdogo alisikie. Likipigwa sanduku la Majid, basi.

Akalitwaa zumari, akapiga mbele ya binti yake. Sauti za chini zikaenda vizuri. Akapanda, likakoroma. Akajaribu tena, likakoroma vibaya zaidi. Masika akajifunika uso kwa kanga, na hakuwa anacheka.

"Baba, kwa nini usimwombe mama?"

"Nimwombe? Si halali yangu yule."

"Baba," Masika akasema, "jani la mvumo si mke."

Humaidi akalilaza zumari mkekani. Hatimaye akasema, macho yakiwa sakafuni, "Mwambie mama yako hivi. Mwambie, ulimi ulikuwa mzima. Pumzi ndiyo mbovu."

Masika hakuyaelewa maneno hayo, maana siku ile ya kahawa hakuwapo nyumbani. Aliyabeba tu kama alivyopewa.

Alhamisi kabla ya adhuhuri akarudi na kikapu kidogo. Ndani yake mlikuwa na kitambaa kibichi, na ndani ya kitambaa ulimi mmoja, mwembamba, mlaini. "Mama kasema uutie sasa hivi, usikauke."

Humaidi akauchomeka kwenye kimwanzi, akaegemeza midomo kwenye senti kumi yake, akapuliza. Akaanzia chini, kwenye mninga, akapanda, akapita pale pa kukoroma, nalo lisikorome! Akapanda tena. Lo! Sauti ilitoka nyembamba na safi, ikajaza vyumba vyote vinne, ikatoka nje. Madirisha ya Kanyenye yakaanza kufunguliwa moja moja. Lugembe aliacha randa kwenye ubao, akaja mbio na vumbi la mbao kichwani, akasimama mlangoni anatikisa kichwa tu. Hata wazee waliomjua baba yake Humaidi waliapa kwamba zumari lile halijawahi kulia hivyo. Mti ulikuwa umetengenezwa kweli, miaka mitatu haikwenda bure. Ulikuwa unangoja ulimi.

"Alisemaje?" Humaidi akauliza, anahema. "Ulipompa maneno yangu, mama yako alisemaje?"

"Hakusema kitu. Alikwenda kukata jani, akakaa. Nilimwuliza nikupe jibu gani, hakunijibu. Kinywa chake kilikuwa kimejaa."

Humaidi akacheka, cheko la zamani, la kabla ya nzige.

"Na kakuletea hizi pia," Masika akasema. Akatoa chini ya kikapu kifurushi kilichofungwa uzi mweusi. Humaidi akakifungua. Zilikuwa ndimi kumi na moja, kavu, zimepangwa vizuri. "Kasema usizichovye majini. Kila mmoja ukae mdomoni mpaka ulainike wenyewe. Na ukiwa na ulimi mdomoni usiseme neno, utaukata."

"Kumi na moja!" Humaidi akazidi kucheka. "Leo kanionea huruma. Miaka yote namlilia anipe japo mbili..."

Hapo cheko likamkwama. Akakitazama kile kifurushi. Akakiweka juu ya mkeka taratibu.

"Masika. Mama yako anakwenda wapi?"

Masika akaanza kukunja pindo la kanga. "Ameposwa, baba. Mtu wa Ujiji, kafiwa na mkewe. Jumatatu baada ya harusi yangu wanachukua treni. Alitaka nikuambie mimi, usije ukaambiwa na mtu wa sokoni."

Humaidi akaanza kuzihesabu zile ndimi upya, moja moja. Ungemchoma sindano asingesikia.

"Ni mtu mwema?"

"Wanasema ni mpole."

"Alhamdulillahi," akasema Humaidi. "Mpole ndiye anayemfaa." Alisema kwa moyo wote, na moyo huo huo ulikuwa unamuuma, akashangaa vinavyoweza kukaa pamoja.

Siku ya harusi santuri ya Majid ilikaa pembeni, imefunikwa kitambaa, na Majid mwenyewe alikuwa wa kwanza kumtunza Humaidi. Mcheza kwao hutunzwa. Alipiga tangu bwana harusi anaingia mpaka biharusi anatolewa. Wakati wa kumtoa Masika akapanda juu kabisa, akavuta pumzi kwa pua, akaishikilia sauti ile ile bila kuikata, na uani wakajibu vigelegele. Vilikuwa vingi, lakini kimoja alikijua. Kigelegele cha Bimdogo kilikuwa kirefu, kisha hukatika ghafla, kama mtu aliyekumbuka chungu jikoni. Kilipaa juu ya ukuta, kikakaa na zumari kitambo, kikakatika. Humaidi hakukatika. Aliendelea kuishikilia sauti peke yake mpaka machozi yakamwingia masikioni, maana alikuwa ameinua uso juu, na watu wakasema tazama baba anavyomlilia binti yake.

Jumatatu alisikia treni ya Kigoma ikipiga honi. Alikuwa anaosha kikombe. Akakiosha mara ya pili.

Ulimi wa harusi ulidumu siku tisa. Ulipopasuka, Humaidi aliusubiri wakati wake wa kila siku, akasali alasiri, akatoka barazani na kile kifurushi, akachomoa ulimi mmoja katika zile kumi na moja. Akautia kinywani kama alivyozoea, tayari kwa kupuliza. Ulikuwa mkavu, unakwaruza. Alitaka kuuchovya, akakumbuka alivyoagizwa. Akauacha mdomoni, akafumba midomo, akakaa kuungoja.

Haulainiki haraka, ulimi wa mvumo. Alikuwa hajui. Miaka yote ile, kwa kila wimbo aliosifiwa, kuna mtu aliyekaa hivi, kimya, shavu limetuna, akiwa na mengi ya kusema na asiseme.

Lugembe alikuwa anapita na msumeno begani. "Shikamoo, Mzee Humaidi! Mbona kimya? Leo hatupigiwi?"

Humaidi akatikisa kichwa, akalionyesha shavu lake kwa kidole. Lugembe akangoja jibu. Halafu akaona yale machozi, akashusha msumeno, akaketi ngazini bila kumwuliza tena.